Usukani Nashika Mimi Peke Yangu, Mbona Mke Wangu Ndiye Anayelalamika?

Shikamoo dada,

Mimi ni baba wa watoto watatu, tunaishi Tabata, Dar es Salaam. Mkubwa ana miaka 9, anayemfuata 6, na mdogo alikuwa na miezi 14 Desemba iliyopita. Kwetu ni Rombo, na unajua mwenyewe Mchaga hakai mjini Desemba. Wazazi wangu wamezeeka, na nimejiwekea kwamba kila Krismasi wajukuu wale sikukuu na babu na bibi yao.

Tunakwenda na gari letu, Noah, na naendesha mimi mwanzo mwisho. Mke wangu ana leseni na hapa mjini anaendesha kila siku kwenda kazini, ila njia kuu sijawahi kumwachia. Desemba barabara ile ina mabasi yanayokimbizana, malori, matuta, vibao vya 50 kila kijiji na tochi za trafiki. Ukiteleza kidogo ni 30,000. Sitaki familia yangu ipate matatizo, ndiyo maana mzigo huo naubeba mwenyewe.

Mara ya mwisho tulipanga kuondoka saa 11 alfajiri, tukatoka saa 2 asubuhi kwa sababu mizigo haikuwa tayari. Foleni Kibaha, foleni tena Chalinze. Mtoto wa kati akatapika kabla ya Msata, akatapika tena karibu na Mkata, na simu ya kumtuliza alikuwa nayo mkononi muda wote. Tukafika Korogwe saa 8 mchana, tukasimama hotelini. Nilikula wali kuku, nikaegemea kiti kidogo. Mke wangu alikuwa wa kwenda chooni na kurudi, mara asafishe kiti, mara atafute nguo ya kumbadilisha mtoto. Nikaona muda unakwenda, nikawaita tuondoke. Akaingia garini na chakula chake kimefungwa, na tangu hapo hakunisemesha hadi njia panda ya Himo. Mimi nikaendelea na kazi. Hata macho yalipoanza kuwa mazito maeneo ya Hedaru nilijikaza, nikashusha kioo, nikanywa soda, tukasonga.

Nyumbani tuliingia saa 2 usiku. Saa 12 njiani, dada. Nashuka mgongo unauma, badala ya kuambiwa pole naambiwa, "Wewe ulikuwa umekaa tu na usukani wako, aliyesafiri ni mimi." Mbele ya kaka yangu.

Yakapita. Juzi nimeanza kuzungumzia Desemba hii, akaniambia kwa utulivu kabisa kwamba atapanda basi na mdogo, mimi nitangulie na hao wakubwa wawili. Nikikataa, atabaki Dar. Mama yangu akisikia mkwe wake amekuja kwa basi na gari ninalo, nitamweleza nini?

Naomba unisaidie nimwambieje aelewe kwamba kuendesha saa 12 ni kazi. Mafuta naweka mimi, gari napeleka kwa fundi mimi, njiani nimewafikisha salama. Sioni nilipomkosea.

Baba Watatu, Tabata

Marahaba, mdogo wangu. Pole na safari, ingawa imepita.

Ulilotaka lisemwe nalisema kwanza. Kuendesha kilomita zinazokaribia 600 wakati wa Desemba, na watoto ndani, ni kazi. Inachosha mgongo, macho na akili, na mtu anayeifanya anastahili pole siku akishuka. Kuambiwa mbele ya kaka yako kwamba ulikuwa umekaa tu kuliuma, na ningependa mkeo naye asome hapa.

Ila kuna mahali katika barua yako nimesoma mara ya pili na ya tatu, na wewe umepapita kama jambo la kujisifia. Ni hapo Hedaru. Ulikuwa umeamka usiku, umekaa kwenye foleni mbili, umekula wali mchana wa joto, kisha ukarudi nyuma ya usukani katika saa ambazo mwili wa binadamu hulegea wenyewe. Mwili una vipindi viwili vya namna hiyo kwa siku: usiku wa manane kuelekea alfajiri, na mchana kuanzia kama saa 8 hadi saa 10. Kioo kikishushwa unapata upepo, soda ikinywewa unapata sukari, lakini usingizi uko palepale unakungoja. Gari likiwa kwenye 80, kila sekunde linakwenda mita 22. Macho yakifumba kwa sekunde 4, nawe hutajua kama yamefumba, gari limetembea karibu uwanja mzima wa mpira bila dereva. Nyuma yako wamekaa watoto watatu.

Mabasi ya masafa marefu, safari ikizidi saa 8, hutakiwa kuwa na madereva wawili. Wewe uliendesha saa 12 ukiwa mmoja, na dereva wa pili, mwenye leseni halali, alikuwa kiti cha kushoto akipasua pakiti ya pampasi. Kwa hiyo hata tukiweka kando manung'uniko ya mkeo yote, namna mnavyosafiri sasa haifai, na wa kwanza inayemwonea ni wewe.

Unasema hujamwachia njia kuu kwa sababu ya hatari. Mwanamke anayetoka Tabata kila asubuhi, katikati ya daladala na bodaboda zinazopita kulia na kushoto, akafika kazini bila mkwaruzo, ana macho ya barabarani. Anachokosa ni mazoea ya mwendo mrefu, na mazoea hayo hayapatikani kiti cha kushoto. Sikushauri umpe kipande cha Chalinze siku ya tarehe 23. Mpeleke Bagamoyo Jumamosi mbili tatu kabla ya Desemba, muendelee hadi Msata mrudi, yeye akiendesha. Ile njia wengi wanaipita kukwepa Kibaha na Chalinze, na itampa nafasi ya kujifunza kukaa nyuma ya lori kwa subira na kupima umbali wa gari linalokuja. Kisha siku ya safari yenyewe mpe Mombo hadi Same. Ni karibu kilomita 100 chini ya milima, barabara imenyooka, na magari ya Tanga mmeshaachana nayo Segera. Tena ndicho kipande kilichokutia usingizi wewe.

Akishika usukani, mwache aendeshe. Najua waume wengi ambao mke akiendesha wao huendesha kwa mdomo: punguza, ovateki sasa, mbona umechelewa kubadili gia. Ukifanya hivyo hujampunguzia kazi, umemwongezea abiria wa nne wa kumwangalia. Wewe siku hiyo una kazi yako, nayo iko viti vya nyuma.

Nikupeleke huko nyuma kidogo, maana nadhani hujawahi kukaa. Mtoto wa miezi 14 anataka uji. Mama anafungua chupa kwa mkono mmoja, kijiko mdomoni mwake, amegeuka kiuno kizima, mkanda ameufungua kwa sababu ukifunga huwezi kugeuka. Gari linapanda tuta, uji unamwagika kwenye kanga. Wa kati anasema "mama natapika" na mfuko uko chini ya begi. Wakati huohuo mkubwa anauliza bado kilomita ngapi, na simu inaita, ni mama yako anauliza mmefika wapi, na simu hiyo ameipokea yeye kwa sababu wewe unaendesha. Rudia hayo kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku. Wewe ulikuwa na kazi moja, mtu mzima mmoja akiitazama barabara moja. Yeye alikuwa na watu watatu ambao kila mmoja anataka kitu chake sasa hivi, na hakuna kipande hata kimoja ambacho angeweza kusema hiki nimekimaliza.

Na huo mkanda uliofunguliwa tusiupite. Gari likifunga breki za ghafla, hata kwenye 50 tu, hakuna mkono wa mama unaoweza kumshikilia mtoto aliyepakatwa. Atachomoka, na mama asiye na mkanda atamfuata. Tafuteni kiti cha mtoto, hata cha mtumba kama hakijapasuka na mikanda yake inashika, kifungwe vizuri kwenye Noah, na mdogo alishwe gari likiwa limesimama. Hilo litawalazimu kusimama mara nyingi zaidi. Ni sawa. Dereva naye anatakiwa kupumzika kila baada ya saa 2, angalau dakika 15, kwa hiyo tumbo la mtoto litakuwa limewasaidia wote.

Kuhusu huyo wa miaka 6 anayetapika. Watoto kuanzia miaka 2 hadi kama 12 ndio wanaosumbuliwa zaidi na gari, na chanzo ni kwamba sikio la ndani linahisi mwendo huku macho yanatazama kitu kilichotulia. Simu mliyompa imtulize ndiyo inayomzidishia. Mweke katikati ya kiti cha pili, aone barabara mbele, mkanda ukiwa umefungwa. Asubuhi ale kitu chepesi, chapati zenye mafuta na soseji ziachwe. Kioo kiwe wazi kidogo. Mwulize mfamasia mapema kuhusu dawa ya kichefuchefu ya umri wake. Lakini lililo muhimu zaidi ni mguu wako. Kufunga breki kwenye tuta mlilolifikia kwa kasi, kuchomoka ghafla kuovateki, kurudi kwa nguvu kwenye njia yako, vyote hivyo vinamaliziwa na mkeo kwa kitambaa na ndoo. Kuendesha taratibu ni njia mojawapo ya kushiriki kulea ukiwa umeshika usukani, na hakuna anayekuzuia kuanza nayo leo kwenye barabara ya Mandela.

Sasa Korogwe. Nadhani hapo ndipo palipovunjika. Gari likizimwa, kazi ya dereva imesimama, lakini kazi ya mama ilizidi maradufu: choo, kunawisha, kubadilisha, kusafisha kiti, kuagiza chakula cha watoto, kukikata vipande. Wewe ukala kikiwa cha moto, yeye akaondoka na chake kwenye mfuko, na zaidi ya hapo akaitwa kama mtu anayechelewesha safari. Mimi ningenyamaza hadi Himo pia.

Msimamo wangu ni huu: mkisimama, aliyekuwa anaendesha awachukue watoto, na aliyekuwa na watoto akae. Najua utasema dereva ndiye anayehitaji kupumzika. Mwili uliokaa saa 3 na goti limekunjwa unahitaji kutembea, na safari ya kwenda chooni na watoto wawili ni matembezi tosha. Mwili uliojipinda kiuno na masikio yaliyojaa vilio unahitaji kiti, sahani ya moto na dakika 20 bila kuitwa mama. Kama usingizi umekushika kweli, useme waziwazi, "Nahitaji kulala dakika 20," ulale kwenye kiti, kisha ukiamka yeye naye apate zake. Muda unaopotea hapo si kitu ukilinganisha na dereva anayesinzia Hedaru.

Umeandika kwamba mlichelewa kuondoka kwa sababu "mizigo haikuwa tayari". Mizigo ya nani, mdogo wangu? Hukuandika kwamba hukuiandaa, umeandika kama vile ina miguu na ilichelewa yenyewe. Nguo za watu watano, masweta ya usiku wa Rombo, pampasi, dawa ya homa, kipimajoto, mchele na sukari ya wazee, kitenge cha mama yako, na mtu alikumbuka hata kandambili za kuogea. Mkeo ameajiriwa kama wewe. Hiyo kazi aliifanya usiku.

Na usimwambie "niambie nikusaidie nini". Anayesubiri kuambiwa amemwachia mwenzake sehemu ngumu, ile ya kufikiria na kukumbuka. Chukua vitu vizima. Mfano chakula cha njiani kiwe chako tangu kufikiri hadi kuosha hotipoti: ndizi, mayai ya kuchemsha, maji, chupa ya chai, mifuko ya kutapikia iliyo karibu na mkono, taulo mbili. Begi la dawa liwe lako. Nguo za watoto wakubwa ziwe zako, pamoja na kujua soksi ziko wapi. Gari nalo ni lako kama kawaida, ila lifikishe kwa fundi mwanzoni mwa Desemba. Wiki ya Krismasi kila mwenye gari yuko gereji, na baba akirudi saa 4 usiku ana grisi mikononi, mama anakuwa amefunga mabegi peke yake na mtoto mgongoni.

Nije kwenye kufika, ambako barua yako imekuwa fupi sana. Uliingia saa 2 usiku mgongo unauma. Naamini ulipewa kiti, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ikaletwa, na ndugu wakakuzunguka wakuulize habari za Dar. Mkeo aliingilia mlango gani? Uchagani, na si Uchagani tu, mkwe akishuka garini njia yake ni jikoni. Anasalimia, anapewa mtoto aliyechoka, anashika kisu. Asubuhi ndiye wa kwanza kuamka, maana mkwe anayelala hadi saa 2 anasemwa. Kwa hiyo safari yako ilikwisha ulipozima gari, yake ikaendelea hadi mliporudi Tabata, kisha ikaja kufua nguo za watu watano na shule inafunguliwa.

Hapo mtu pekee mwenye uwezo wa kubadili jambo ni wewe. Yeye akimwambia mama yako kwamba amechoka, ataitwa mvivu wa mjini. Wewe ukisema, ni mtoto amesema. Mpigie mama simu, umwambie kwa adabu: "Mama, tukifika siku hiyo mke wangu atakuwa ameshinda njiani na watoto. Naomba apumzike, jikoni ataanza kesho yake. Watoto nitawaogesha mimi." Na kweli uwaogeshe, wakuone. Mama yako aliyelea watoto kwenye vihamba, yale mashamba ya migomba ya Rombo, anajua uchovu wa mwanamke kuliko mimi na wewe, huenda hajawahi kuambiwa tu. Kaka zako wakikucheka, wacheke. Mbege haiendi popote.

Jambo dogo, lakini sitaliacha. Katika barua yote sijaona kwao mkeo ni wapi, wala kama wazazi wake nao wamezeeka. Kila Krismasi ni Rombo. Mwulize.

Uliomba nikufundishe la kumwambia ili akuelewe. Mimi naona uanze na kusikiliza. Jioni moja watoto wakishalala, mwambie hivi: "Nisimulie safari ya mwaka jana, tangu ulipoanza kufunga mizigo hadi ulipomaliza kufua." Usimkatishe na usitaje mgongo wako. Akimaliza, ndipo umweleze kuhusu Hedaru, kwamba ulikuwa unasinzia na hukumwambia. Sidhani kama analijua hilo. Alikuwa amekununia, nawe ulikuwa unajikaza, na gari lilikuwa kwenye 80. Mtu aliyekwambia ulikuwa umekaa tu anastahili kujua ulikuwa kwenye hali gani, naye akijua nadhani pole uliyoitaka utaipata.

Kama bado anataka basi mwaka huu, usimbishie. Mkatie tiketi mapema, maana za Desemba hugombaniwa, umtafutie kiti cha dirishani, na nauli itoke kwako. Mama akiuliza kwa nini mkwe amekuja kwa basi, mwambie ukweli: mwaka jana ulimwachia kazi nyingi mno, na mwaka huu mnajifunza kugawana. Wewe utakuwa na wawili kwenye Noah, mmoja anatapika na mwingine anauliza kilomita. Kwa kuwa hakutakuwa na dereva wa pili, usijaribu kufika siku moja. Lala Korogwe au Same, nyumba za wageni zipo, uondoke tena asubuhi ukiwa na macho mazima.